Besi Utakayoichagua Bila Mimi

Edita mwanangu,

Salamu nitakupa asubuhi kwa mdomo, kule stesheni, kwa hiyo hapa naziruka. Naziruka pia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji, kutoazima nguo na kujihadhari na vijana wanaojua sana kusalimia. Mama yako amezimaliza zote tangu juzi. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya dirisha nikitafuta hata moja aliyoisahau niidake, sikuipata. Amenibakizia kitu kimoja tu, nacho ni gitaa la besi.

Umekwenda Ujiji kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda wa kuandika, na nikikosea hakuna wa kunicheka hapo hapo.

Umeniuliza mara tatu, "Baba, ninunue besi mpya au ya mtumba?" Mara ya kwanza nilisema tutaona. Mara ya pili nikajifanya nasikiliza taarifa ya habari, na redio ilikuwa imezimwa. Mara ya tatu nikakuuliza kama umeshafunga begi. Ukaniangalia vile unavyoniangalia, ukaenda zako. Mtu aliyenunua magitaa mawili maishani, yote mawili kwa makosa, anaona aibu kuulizwa kama mtaalamu. Lakini nimefikiri leo mchana, nikaona kwamba aliyeanguka kwenye mashimo mawili angalau anajua mashimo mawili yalipo.

Ninachoogopa nikitaje kwanza. Siogopi upoteze pesa. Hiyo ni pesa ya dagaa mlioanika wewe na mama yako, ikipotea itakuuma na utapata nyingine. Naogopa ununue gitaa baya, ulipige miezi peke yako chumbani huko Dodoma unakokwenda, halafu uamini kwamba mbaya ni wewe. Anayepiga peke yake hana namna ya kujua. Akibonyeza, sauti ikatoka imepinda, hasemi shingo ya gitaa imepinda. Anasema sina kipaji, analiweka juu ya kabati, basi. Utaniambia wewe unajua kupiga tayari. Ni kweli. Ila umejulia kwenye besi ya kwaya ambayo kila mwezi naikaza na kuinyoosha kabla hujafika mazoezini. Hujawahi kuishi na gitaa gonjwa. Mimi nimeishi nalo.

Ilikuwa kabla hujazaliwa, nikiwa fundi wa mashine za boti Kibirizi kama nilivyo sasa, ila na nywele. Boti ya mizigo ikaja kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na juu ya magunia amekaa kijana mwembamba na besi ya kahawia, ameichomeka kwenye spika ndogo ya betri. Akaanza kupiga. Wapagazi waliweka mizigo chini. Mama mmoja muuza mawese alicheza na dumu lake kichwani, na halikuanguka. Mimi nilikuwa na mashine ya mtu nimeifungua vipande vipande, na mpaka leo sina hakika kama skrubu zote zilirudi ndani.

"Unaiuza?" nikamwuliza.

"Kaka, hii ni kama ndugu yangu."

Mtu akikuambia kitu chake ni kama ndugu yake, ujue hapo ndipo bei inapoanza. Sikuigusa ile besi. Nilimwomba apige tena, akapiga, nikalipa. Nikaifikisha nyumbani, nikakaa kwenye kigoda, nikapiga na mimi. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza kwa subira, halafu akaniuliza:

"Ndiyo ile uliyosema imechezesha pwani nzima?"

"Ndiyo hii hii."

"Yoramu, yule mtu angeshika ufagio wangu huu, ufagio ungeimba. Wewe umenunua vidole vyake, na vidole ameondoka navyo."

Unamjua mama yako. Hanunui gunia la dagaa kwa kutazama juu, anazamisha mkono mpaka kiwiko, anatoa wa chini, anawanusa. Mimi nilikuwa nimenunua gunia kwa kumwangalia muuzaji akila. Tangu siku hiyo, muuzaji wa gitaa akitaka kunionyesha linavyolia, namwomba akae anipe mimi. Hata kama nitapiga vibaya mbele za watu. Afadhali kupiga vibaya dukani kuliko kupiga vibaya nyumbani miaka miwili.

Maana ilikuwa miaka miwili. Nyuzi zilikaa juu ya shingo kama nyaya za umeme juu ya barabara, kuzibonyeza mpaka utumie nguvu ya kufungua nati. Vidole vilitoka malengelenge juu ya malengelenge. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule alikuwa mtu mpole sana. Siku moja akanijia:

"Ndugu Yoramu, tafadhali punguza sauti."

"Kiasi gani, mwalimu?"

"Mpaka isisikike."

Nikaamua ni ukavu. Mbao imekauka, ndiyo maana haitaki kulia. Na sisi watu wa huku, kitu kikiwa kikavu dawa yake tunaijua. Maharage mawese, kidonda mawese, bawaba ya mlango mawese. Nikachota kwenye dumu, nikaipaka besi shingo nzima, nikairudia kwa upendo, nikaianika. Ilipendeza, sikudanganyi. Iling'aa kama mtoto aliyeogeshwa. Jumapili nilipoibeba kanisani, watoto wa benchi la mbele waligeuza shingo kutafuta nani amekuja na chakula. Wiki haikuisha, panya wakala pembe ya shingo, wakaacha alama za meno karibu na chuma cha tatu kati ya vile vinavyokatiza shingo. Mama yako aliziangalia zile alama akasema, "Angalau kuna aliyeipenda."

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa nimeshaamini kabisa kwamba Mungu alipogawa vipaji, kwenye muziki alinipita. Nikaifunga ile besi kwenye kanga, nikaipeleka Rusimbi kwa Mzee Kashindi nimwuzie nyuzi tu, mbao nibaki nazo. Mzee Kashindi ulimkuta mtu mzima sana, huwezi kumkumbuka vizuri. Alikuwa fundi cherehani aliyetoka Uvira, na Jumamosi alipiga besi kwenye harusi. Hakuniuliza bei. Aliinua gitaa, akafumba jicho moja, akatazama shingo kutoka kichwani mpaka mwisho, kama anavyotazama pindo la suruali.

"Hii gitare ulikula nayo?" akauliza. Ilikuwa bado inanuka.

"Mzee, nimeacha. Sina vidole vya muziki."

"Leta mikono." Nikampa. Akaigeuza, akaibonyeza bonyeza ncha. "Hivi vidole haina ugonjwa. Gitare ndiyo iko na ugonjwa. Shingo imepinda kama upinde, na ile chuma ya ndani ya kunyoosha imekatika. Hata mimi nikiipiga, watu watanifukuza. Shika yangu."

Yake ilikuwa mbaya kwa sura, rangi imebanduka, skrubu moja ya kichwani ameifunga kwa kipande cha waya. Nikapiga wimbo ule ule niliokuwa naukosea miaka miwili. Ukatoka. Haukutoka vizuri sana, ila ulitoka, na kila noti ikakaa mahali pake. Mzee Kashindi akaendelea kushona hana habari na mimi, na alifanya vizuri kutonitazama, maana macho yangu yalikuwa na shughuli.

Yule mzee sikuwahi kumshukuru inavyotakiwa. Nilimtengenezea mashine ya shemeji yake bure, nikadhani yameisha. Hayakuisha. Kila nikikusikia unapiga najua deni liko palepale, nami nimelizoea, ni deni zuri. Ile besi ya Kalemie ukitaka kujua ilipoishia, muulize mama yako, ndiye aliyepungukiwa kuni wiki ile.

Sasa sikiliza ujinga wa pili, maana wa pili ndio unaofanana na kosa unaloweza kufanya wewe. Nikaapa sitagusa tena mtumba. Nikajibana, nikaenda dukani mjini, nikanunua mpya, nyekundu, imo kwenye nailoni. Nyuzi tano badala ya nne za kawaida, kwa sababu nilihesabu nikaona naongezewa moja bure. Ilikuwa besi nzuri na shingo imenyooka, na bado nilikosea, kwa sababu nilimaliza pesa yote kwenye gitaa. Sikubakiza ya spika, sikubakiza hata ya waya. Besi ya umeme bila spika ni kama mtu anayeongea kwenye blanketi.

Fundi akikwama anatafuta ujanja. Niligundua kwamba ukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo, kabati lote linaunguruma. Kwa hiyo nikawa napiga nimeegemea kabati kila jioni nikitoka Kibirizi. Na upande wa pili wa kabati kilikuwa kitanda chako. Ulikuwa na miezi michache. Mama yako aligundua kabla yangu: nikipiga unalala, nikiacha unalia. Basi nikawa napiga hata siku ambazo mkono umeumia, kwa amri. Watu wananiuliza nani alikufundisha wewe besi. Nawaambia kabati.

Na sasa nifike pale tulipokwaruzana wiki iliyopita. Ulisema, "Baba, ile besi nyekundu ya kwaya si ilikuwa yako? Waombe basi, niende nayo." Nikasema haiwezekani, ukasema sawa, na hiyo sawa yako ilikaa mezani mpaka chakula kikapoa. Sikukueleza. Nakueleza.

Ulikuwa unaelekea miaka mitatu ukaugua. Homa ilikupanda mpaka ukaacha kututambua, wewe uliyekuwa unamtambua hata mbuzi wa jirani kwa jina. Mama yako alikaa na wewe hospitali, mimi nikawa nakwenda na kurudi na chupa ya chai ambayo hakuna aliyekunywa. Ukapona. Siku ulipoomba ugali kwa sauti ya kukwaruza, nilitoka nje nikasimama tu. Jumapili yake watu wakaenda kutoa shukrani. Mwenye jogoo alikuja na jogoo, mwenye ndizi na mkungu. Mimi sikuwa na kuku wala shamba. Nilikuwa na besi.

Unajua sadaka za vitu zinavyokwenda kwetu, ibada ikiisha zinanadiwa nje. Mzee wa kanisa akaishika besi yangu akainadi baada ya jogoo. Bei ya kwanza iliyotajwa ilikuwa chini ya jogoo. Mama yako akanishika mkono nisiseme kitu. Mwalimu wa kwaya, yule yule mpole, akatoka mbele akasema hii hainadiwi, hii itabaki kwaya. Ikabaki. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako unakula ndizi isiyokuwa yako.

Ndiyo maana siwezi kwenda kuiomba. Nilichotoa kwa ajili yako sikirudishi hata kwa ajili yako. Na sikukuambia miaka yote hii kwa sababu sikutaka uwe unaipiga ukidhani kuna kitu unakilipia. Ulipokuwa mkubwa ukaenda mwenyewe, ukaichukua pale ukutani mwenyewe, hakuna aliyekutuma. Nilikuwa nyuma kwenye sauti ya nne, nikakosa kuingia mstari mzima. Watu walidhani nimesahau wimbo.

Haya, sasa jibu lako.

Nyuzi nne zinakutosha. Nimekutazama miaka yote hiyo: uzi wa tano wa besi ya kwaya unaufuta vumbi tu. Vidole vyako vifupi, umevirithi kwangu, nisamehe, kwa hiyo usione haya kuuliza besi ya shingo fupi. Si ya watoto, hata watu wazima wana mikono mifupi. Kabla hujaangalia gitaa lolote, toa pesa ya spika ndogo na waya, uiweke mfuko mwingine, ujifanye haipo. Kinachobaki ndicho cha gitaa. Ukiwa huna mtu wa kukusaidia kuangalia, nunua mpya ya kawaida, isiyo na mbwembwe, ambayo unaweza kuirudisha dukani ikiwa na kasoro. Ukiwa na mtu anayejua, au siku hiyo unajisikia wewe ndiye huyo mtu, nunua mtumba, kwa pesa hiyo hiyo utapata kitu bora zaidi, na mbao ambayo kama ni kupinda ingekwisha kupinda ujanani. Jina lililoandikwa kichwani usilisome, siku hizi majina yanauzwa kwa stika. Na wakikuambia gitaa hili alikuwa analipiga msanii fulani, jua msanii huyo ana magitaa mengi kuliko nyuzi.

Mengine unayajua. Nimeyaona kwa macho yangu mwezi uliopita, pale mtaani Mwanga.

Unakumbuka yule jamaa aliyetuita tuone besi yake ya mtumba. Alituwekea viti, akafungua soda mbili, akaanza kuongea na mimi tu, mzee hivi, mzee vile, kama wewe ni mwavuli niliokuja nao. Akaniuliza, "Anapiga kaka yake?" Nami nilikuwa nimeshakunywa soda nusu. Unajua sisi tulivyo, ukishakunywa soda ya mtu umeshakuwa mgeni wake, kuondoka mikono mitupu ni kama kumtukana mama yake. Nilikuwa nimeanza kukubali moyoni, nakwambia kweli. Nilikuwa natafuta bei ya kusema.

Wewe ukaivuta ile besi, ukaiweka pajani, ukapita chuma kwa chuma, uzi kwa uzi, polepole, huna haraka na mtu. Halafu ukasema:

"Kaka, hapa katikati vyuma vitatu havisemi."

"Aa, dada, hivyo vimechoka na safari tu."

"Poa. Ukitikisa waya hapa pia inakatika. Na hiyo ni safari?"

"Hiyo ni vumbi."

"Basi wacha ipumzike, kaka. Asante kwa soda, baba yangu ameifurahia."

Ukanyanyuka. Nami nikanyanyuka nyuma yako na chupa mkononi, mpaka mlangoni ndipo nikakumbuka kuirudisha. Njiani hukuniambia neno la kunisuta. Uliniuliza tu kama nina njaa. Mwana wanje, mwanangu wewe, mimi nilihitaji miaka miwili, panya na Mzee Kashindi kujua ulichojua wewe kwa dakika chache, na nilikuwa karibu kukununulia ugonjwa ule ule kwa sababu ya soda ya machungwa. Asante kwa kunitoa pale. Sikuisema siku ile kwa sababu nilikuwa nafikiria namna ya kuisema nikiwa bado baba.

Kuna jambo moja lililobaki. Nilikuwa nimezungumza na mtu ninayemfahamu huko Dodoma, mpiga besi wa siku nyingi, akuchagulie gitaa kabla hujafika, ulikute tayari. Hukujua. Nilidhani nakusaidia. Leo mchana nimempigia nikamwambia aache. Akaniuliza, "Binti ana uhakika?" Nikamwambia binti anao, baba yake ndiye alikuwa hana. Namba yake mama yako anayo. Ukitaka akusindikize dukani, atakuja, nimemwambia asishike gitaa mpaka umwombe.

Na ukikosea, kwa sababu mtu anaweza kujua yote akakosea, uza ununue jingine. Gitaa si ndoa. (Hapo pafunike mama yako akisoma.) Ila likikataa kulia, litilie shaka lenyewe kwanza, kwa siku nyingi, kabla hujajitilia shaka wewe.

Siku utakayolinunua, nipigie. Usinieleze rangi wala bei. Weka simu karibu na spika, upige chochote, hata uzi mmoja mtupu. Hiki kitochi changu, kisimu cha vitufe, hakiwezi kubeba besi, nimeshakijaribu, sauti yote nzito inabaki huko huko. Kwangu kitafika kile kidogo tu, kidole chako kikigusa uzi na kuuachia, tik, tik, tik. Nitakaa kimya mpaka umalize.

Baba